Risala ya Wodi ya Wazima

Haikuwa zamani za kale. Ilikuwa mwaka juzi, Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, na anayebisha awaulize waliokuwapo. Nchi yenyewe ina jina zuri tu, lakini Waziri wa Habari ameagiza litumike siku za sikukuu peke yake, lisije likachakaa. Sisi tuiite nchi.

Katika nchi hiyo hospitali zote zilikuwa zinaugua ukata. Mwanzoni serikali ilizilipa kwa kila dawa iliyotolewa. Mara watu wote wakawa wanatoka na mifuko. Aliyekwenda kumtazama jirani alirudi nyumbani na vidonge vya minyoo, plasta mbili na mkanda wa mgongo. Serikali ikaona hapana, ikaanza kulipa kwa kila kitanda chenye mtu. Vitanda vikajaa hata wafagizi wakapangiwa zamu za kulala, na mpishi mmoja akalazwa wiki tatu huku wali unaungua. Serikali ikaona hapana tena.

Ndipo Waziri wa Afya na Mizania, Mheshimiwa Boniventura Kisandu, akasafiri nchi saba kutafuta dawa ya hospitali. Katika nchi ya saba, akiwa kwenye foleni ya kifungua kinywa, akaipata. Alirudi na kuihutubia nchi kwa saa tatu, na wananchi tukasimama muda wote, kwa sababu viti vilikuwa vya wageni.

"Ndugu zangu, kosa letu lilikuwa kulipa ugonjwa!" alinguruma. "Ukilipa ugonjwa, ugonjwa unakuja kuchukua mshahara! Kuanzia leo tunalipa uzima!"

Mpango ulikuwa hivi. Kila hospitali iandike watu wake kwenye daftari. Kwa kila aliyeandikwa na kuamka mzima, hospitali inalipwa. Kwa kila aliyeandikwa na kuamka mgonjwa, hospitali inakatwa. Kwa hiyo madaktari watakuwa na kila sababu ya kutulinda na maradhi. Nami nilipiga makofi, sikatai. Hadi leo naliona wazo lile kuwa zuri. Lilikuwa na upungufu mmoja tu: lilitekelezwa.

*

Mganga Mkuu wa Hospitali ya Tulieni alikuwa Daktari Pantaleo Ngwira, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Alikuwa hajalipwa miezi mitano, wala wauguzi wake. Aliusoma mwongozo wa Waziri mara mbili, akavua miwani, akafikiri.

Mtu mzima akiwa kwake, alifikiri Daktari, anavuka barabara. Anakula pilau za harusi. Analala bila chandarua, anagombana na shemeji, anapanda juu ya paa kuziba bati. Mambo yote hayo anayafanya bila kuishauri hospitali, na akiumia hospitali ndiyo inakatwa. Basi mzima awekwe karibu. Na karibu kuliko kote ni ndani.

Mgonjwa je? Mgonjwa hakufukuzwa, tusimsingizie Daktari. Hakuandikwa tu. Kibao cha "Mapokezi" kiling'olewa pale getini, kikawekwa kingine kilichosema "Uhakiki," na chini yake akakaa mlinzi mwenye kamba ya kuruka. Aliyetaka huduma aliruka mara kumi. Akimaliza bila kuhema, ni mzima, karibu ndani. Akishindwa, anaambiwa kwa heshima arudi akishapona.

Wagonjwa wachache waliokutwa vitandani mpango ulipoanza walitibiwa kwa bidii ambayo haijapata kuonekana nchini. Daktari aliwatolea dawa za kabatini kwake mwenyewe. Mmoja wao alikuwa Bi Sikitu Mwinchande, mkunga wa mtaa wa Mnazi Mkinda, mama wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa bonde. Alikuwa na malaria. Siku ya tatu homa ilikatika. Siku ya nne alikunja shuka, akachukua kikapu, akaenda ofisini kuaga.

"Daktari, nashukuru. Nimepona. Naomba ruhusa."

"Umepona kabisa, mama?"

"Kabisa. Hata hamu ya kula imerudi."

"Hongera sana," alisema Daktari Ngwira, akainuka kumpa mkono. "Basi huwezi kutoka."

Bi Sikitu alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akaacha.

"Mwanangu, mimi nina binti. Hidaya. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na nyonga yake nyembamba kama yangu. Mimi mwenyewe nilikaa siku mbili na uchungu wake, nikanusurika. Nimemwahidi siku yake nitakuwapo."

"Miezi saba? Bado mbali."

"Kwa hiyo akifika miezi tisa utaniachia?"

Daktari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama, ukiwa mgonjwa nakutoa leo hii. Sina haja nawe. Lakini tazama ulivyo! Macho meupe, ulimi mwekundu. Mtu kama wewe nikimwachia nje, nitawaeleza nini wauguzi wangu?"

*

Wodi ya Wazima ilikuwa na watu mia na arobaini. Walipewa kila mmoja kanga moja yenye maandishi UZIMA NI MTAJI, hata wanaume. Saa kumi na mbili asubuhi walipangwa mistari na kukimbizwa mchakamchaka kuuzunguka uzio wa mabati, huku afisa wa daftari akihesabu vichwa. Kiongozi wa mchakamchaka alikuwa Bwana Masalu, fundi mwashi aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri miezi saba kabla, enzi za malipo ya vitanda, asiachiwe tangu hapo, mtu asiyejua kufunga mdomo.

"Nani mgonjwa?" aliita Masalu.

"Hayupo!"

"Nani kachoka?"

"Hayupo!"

"Nani aenda kwao?"

"Hayupo!"

Daktari alipenda sana majibu hayo, akayabandika ukutani.

Siku ya kwanza Bi Sikitu hakuitikia. Masalu akamsogelea huku anakimbia. "Itikia, dada. Hapa ukinyamaza wanakupa uji wa lishe mara mbili."

"Wewe umekaa humu miezi saba na bado unaimba?"

"Nimetunga, sikiliza." Akampigia ubeti palepale, mguu wa kushoto, mguu wa kulia:

Niliingia na ngiri, ikatoka nikabaki,
Yenyewe iko safari, mimi geti silivuki,
Nikiwaaga kwa heri, wanasema: huachiki,
Rudi kwangu, ewe ngiri, bila wewe sitoroki.

"Basi si uumwe, utoke?" alisema Bi Sikitu.

"Dada yangu, unadhani sijajaribu? Nilikohoa siku tatu, usiku na mchana. Daktari kanisikiliza kifua, kasema: mgonjwa wa kweli hutolewa, lakini anayejifanya mgonjwa anatumia akili, na akili ni dalili ya uzima. Nikaandikwa mzima daraja la kwanza. Sasa nalindwa na watu wawili."

"Na waliougua kweli?"

Masalu akashusha sauti. "Kulikuwa na Mzee Lubida, kitanda cha pembeni. Kapata kiharusi saa tano asubuhi. Saa tano na robo karatasi yake ilikuwa imechanwa, naye yuko nje ya geti la nyuma na viatu vyake kifuani. Aliyeuliza akaambiwa mtu huyo hakuwahi kuwapo."

Bi Sikitu alimaliza raundi hiyo. Raundi ya pili aliitikia.

Wiki zikapita. Aliomba ruhusa kwa mdomo, akaomba kwa barua, akaomba kwa machozi. Machozi yakapimwa, yakakutwa safi. Alijaribu kutokula, akakaliwa na wauguzi wawili na kijiko. Kila Alhamisi Hidaya alikuja na mumewe, Kassimu, mchukuzi wa mkokoteni sokoni, wakasimama upande wa pili wa uzio. Mabati hayakuwa na upenyo. Walizungumza bila kuonana.

"Miguu inavimba, mama?" aliuliza Bi Sikitu.

"Kidogo tu, mama." Huko kwao mama na binti huitana hivyo.

"Mtoto anacheza?"

"Anapiga mateke kama ana kesi."

"Mwambie asubiri. Nakuja."

*

Sasa tufike Jumatatu ile. Tulieni ilikuwa imeongoza nchi nzima: miezi miwili bila mgonjwa hata mmoja. Mheshimiwa Kisandu aliamua kuja mwenyewe kukabidhi kombe. Jukwaa lilijengwa kando ya uzio, kivulini, na kama ilivyo desturi ya nchi ile, ambako hata choo cha shule hakizinduliwi bila risala, ilitakiwa risala ya wazima kwa mgeni rasmi. Daktari Ngwira aliiandika. Msomaji akachaguliwa Bi Sikitu, kwa ajili ya sauti yake.

Saa nne kasorobo, mgeni rasmi akiwa bado njiani, kelele zilisikika getini. Kassimu alikuwa amefika na mkokoteni. Juu yake, kwenye gunia la pamba, alilala Hidaya, ameuma kanga kwa meno.

"Fungua, ndugu yangu! Mke wangu uchungu umemshika tangu alfajiri!"

"Hapa hatupokei wagonjwa," alisema mlinzi. "Hii ni hospitali."

"Mjamzito si mgonjwa!"

Mlinzi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Kweli, si mgonjwa. Basi ni mzima." Akamnyooshea kamba. "Aruke mara kumi."

Kassimu aliitazama kamba. Akamtazama mlinzi. Alisema maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa hadithi hii inaweza kusomwa na watoto, kisha akausukuma mkokoteni kuuzunguka uzio hadi pale walipozoea kusimama siku za Alhamisi, nyuma ya jukwaa kabisa.

"Mama!" aliita Hidaya. "Siku yenyewe ndiyo hii!"

Bi Sikitu alikuwa mstari wa mbele na karatasi ya risala mkononi. Hatua nne tu zilimtenga na sauti ile, hatua nne na bati moja.

"Nakusikia! Usisukume bado! Vuta pumzi kwa pua!"

"Mama, kimya tafadhali," alinong'ona Daktari Ngwira. "Mgeni anaingia."

*

Mgeni rasmi aliingia na magari kumi na moja. Alipewa skafu, akacheza ngoma kidogo kwa bega moja, akaketi. Mshereheshaji akamwita msomaji wa risala. Bi Sikitu alipanda jukwaani.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Sisi wazima wa Tulieni tunayo furaha kubwa…"

Nyuma ya bati ulitoka mguno mrefu.

"…tunayo furaha kubwa kukukaribisha. Mafanikio yetu ni haya yafuatayo. Moja: uji. Mbili: kanga. Tatu…" Akasimama. Alikuwa amefika kwenye kifungu cha maombi, ambapo Daktari aliandika kwamba wazima wanaomba runinga. Bi Sikitu akaikunja karatasi.

"Mheshimiwa, runinga sina haja nayo. Mimi ni mkunga. Nimezalisha watoto mia tatu na kitu katika wilaya hii, na huenda baadhi ya askari wako hapo niliwapokea kwa mikono hii. Binti yangu anajifungua nyuma ya bati hilo. Mimi siruhusiwi kutoka kwa sababu ni mzima. Yeye haruhusiwi kuingia kwa sababu hawezi kuruka kamba. Naomba kitu kimoja: ama nitoke, ama aingie. Naomba kuwasilisha."

Hidaya alilia tena, na safari hii kila mtu alisikia. Wazima wote mia na arobaini walimtazama Waziri.

Mheshimiwa Kisandu alitoa kitambaa, akafuta jicho, akahakikisha wapiga picha wameliona jicho lile, akasimama.

"Nimeguswa," alisema. "Mimi nina mama. Mama yangu naye ana mama. Mkuu wa hospitali yuko wapi? Simama! Hivi nyie mnamtenganishaje mama na mwanawe?"

Daktari Ngwira alisimama, akatetemeka pamoja na kalamu zake. "Mheshimiwa, mwongozo unasema…"

"Mwongozo niliuandika mimi, usinisomee! Mwongozo haubadilishwi jukwaani. Lakini utu haungoji mwongozo. Naagiza, na vyombo vya habari mniandike: papa hapa, leo hii, kabla sijala, likatwe dirisha kwenye uzio huu! Mama apitishe mikono. Litaitwa Dirisha la Huruma!"

Makofi yalipigwa. Fundi alikuja na mkasi wa bati. Mhandisi wa wilaya akatoa vipimo: upana mkono mmoja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kimo kiganja na nusu, ili huruma ipite na mtu asipite. Bati lilikatwa kwa kelele za kuuma meno. Bi Sikitu alikuwa tayari ameshapiga magoti na kuingiza mikono, akavutwa nyuma na wasaidizi, kwa kuwa dirisha lilikuwa bado halijazinduliwa. Utepe ulitafutwa. Ukafungwa. Mheshimiwa akaukata, akapigwa picha tatu, moja akicheka na mbili akihuzunika.

Hapo tu Bi Sikitu akapitisha mikono.

*

Kassimu aliusogeza mkokoteni ukagusa bati. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili Bi Sikitu alimwona mwanawe: goti, jasho, kidevu.

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Lalia ubavu. Kassimu, shika goti hilo, usiliachie hata akikutukana."

"Ananitukana tangu asubuhi, mama mkwe."

"Vizuri, ana nguvu. Kichwa hiki hapa. Usisukume. Usisukume… Sasa!"

Kichwa kilitoka. Mabega yakakwama, na pande zote mbili za uzio watu wakaacha kupumua, hata wale wa itifaki. Mikono ya Bi Sikitu, iliyochunwa na kingo za bati, ilimgeuza mtoto polepole, bega moja kwanza, kisha la pili likafuata lenyewe. Mtoto wa kiume akalia kwa sauti ya bibi yake.

Wodi nzima ilishangilia. Daktari Ngwira alichungulia na kurunzi, mkono wake umeshashika daftari. "Rangi nzuri, kilio kizuri. Huyu ni mzima! Mpitisheni ndani tumwandike!"

"Kassimu," alisema Bi Sikitu bila kugeuka, "mchukue mwanao. Mfunge kifuani. Akija mtu na daftari, mpige."

Kassimu akamchukua. Ndipo Bi Sikitu alipoona gunia. Lilikuwa linabadilika rangi, na haraka.

"Hidaya."

"Nasikia usingizi, mama."

"Usilale. Sogea hapa nikushike tumbo. Sogea!"

Hidaya hakusogea. Bi Sikitu alinyoosha mkono hadi bega likagota kwenye bati. Vidole viliishia kwenye paja. Tumbo, ambalo lilitakiwa kukandwa kwa nguvu sasa hivi, lilikuwa mbele kidogo, urefu wa kijiko.

"Daktari, sindano ya kuzuia damu. Mpelekee nje."

Daktari alikuwa nayo mfukoni, kati ya kalamu. Alikuwa nayo tangu asubuhi. Alijua kazi yake. Alimtazama Waziri, aliyekuwa anaelekezwa kwenye chakula. "Mama, nikimtibu nimekubali kwamba yupo," alisema kwa sauti ndogo. "Hospitali nzima itakatwa. Wauguzi wangu wana watoto." Kisha akaweka sindano juu ya ukingo wa dirisha na kugeuka kutazama mlingoti wa bendera. Kusahau vitu madirishani hakukukatazwa na mwongozo.

Bi Sikitu aliichukua. Akalitazama dirisha. Upana mkono mmoja, kimo kiganja na nusu. Akavua kanga ya mtaji, akavua na kilemba.

"Masalu, njoo."

"Dada, hupiti hapo. Mhandisi kapima."

"Mhandisi hajazaa. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Shida ni mabega tu. Natanguliza mkono mmoja, najigeuza, nanyoosha wa pili nyuma. Wewe sukuma ninapokwambia, usisukume nisipokwambia."

Akaiuma sindano kwa meno, akaingiza mkono wa kulia, kisha kichwa, kwa ubavu. Bati lilimkata shavu. Walinzi wawili waliomlinda Masalu walianza kukimbia kuelekea getini.

"Sukuma."

Masalu alisukuma. Bega lilikwama.

"Acha!" Akajigeuza, uti wa mgongo ukalia. Kassimu, mtoto kifuani, akamshika mkono uliokuwa nje. "Sasa! Wote!"

Bega lilitoka na kipande cha ngozi. Kiuno kikafuata, miguu ikafuata, na Bi Sikitu Mwinchande akaanguka nje ya Hospitali ya Tulieni, kichwa kwanza, kando ya mkokoteni, ana damu mwili mzima. Hakulia. Alikuwa na sindano kinywani. Akaichoma kwenye paja la mwanawe, akapanda juu ya mkokoteni, akaweka ngumi mbili kwenye tumbo lile na kulikanda.

Walinzi walizunguka kutokea getini na pingu. Walipofika wakasimama. Mmoja alimtazama yule mama: shavu limepasuka, bega limechunika, nguo nyekundu. Akamtazama mwenzake.

"Huyu si wetu," alisema. "Wetu ni wazima." Wakarudi zao. Ndani, afisa wa daftari alikuwa tayari anachana karatasi.

"Vitambaa!" aliita Bi Sikitu. Dirishani zikaanza kutoka kanga, moja, tano, thelathini, UZIMA NI MTAJI, UZIMA NI MTAJI, akazikunja na kuzikandamiza mojamoja. Ya kumi na tisa ilitoka na damu kidogo. Ya ishirini na mbili ilitoka karibu safi.

"Mama," alisema Hidaya baada ya muda mrefu, "unaniumiza tumbo."

"Ndiyo," alisema Bi Sikitu, akaendelea kukanda, na ndipo machozi yalipomtoka.

Waliondoka saa saba, Kassimu akivuta, mama na mtoto juu ya gunia, bibi akitembea pembeni na mkono wake juu ya tumbo la binti. Hakuna aliyewafuata. Hakuna hospitali iliyowataka.

Mheshimiwa Kisandu alikabidhi kombe baada ya chakula, na katika neno la kufunga alisema Dirisha la Huruma litajengwa katika wilaya zote. Mhandisi akaitwa pembeni. Kabla ya saa kumi fundi alirudi na kipande cha bati na misumari, akapunguza kimo kutoka kiganja na nusu hadi unene wa mkono.

Masalu alingoja fundi amalize. Walinzi wake wawili, mmoja kila upande, walimtazama akipiga magoti pale chini na kuuingiza mkono, polepole, hadi begani. Upande wa pili kulikuwa na jua. Akauacha hukohuko, umekunjuliwa kiganja, mpaka filimbi ya uji ilipopigwa.